Kadi ya Sitini na Tatu

Katika kiwanda cha blanketi cha mzee Himatlal, pale Thika, hakuna aliyeogopwa kama Nduku wa ofisi ya wafanyakazi. Hakuwa mtu wa kufukuza watu kazi. Yeye aliwafukuza watu waende likizo. Sheria inasema kila mtu apumzike siku ishirini na moja za kazi kwa mwaka, na kwa Nduku hiyo haikuwa ya kujadiliwa. Hata Njau wa boila alipokuja kuichungulia mashine yake katikati ya mapumziko, alimkuta mama huyu amesimama getini.

"Njau, wewe uko leave. Unatafuta nini hapa?"

"Nasalimia tu, madam."

"Enda usalimie bibi yako."

Basi mwezi wa tatu ikaja barua: afisa wa leba angefika Jumatano kukagua mafaili yote. Jioni ya siku ilipofika barua, wifi yake Nduku akapiga simu kutoka Mwala. Mama mzazi wa Nduku angepasuliwa mtoto wa jicho huko Machakos Jumanne, na bandeji ingefunguliwa Jumatano asubuhi. Kwa miaka sita mama huyo alikuwa akimjua Nduku kwa sauti, na kwa kumpapasa mashavu kila Krismasi.

"Amesema uso wa kwanza kuona uwe wako," wifi akasema.

Nduku akajibu kwamba angefika Jumamosi, afisa akishaondoka. Alipokata simu alilia, akapangusa macho, akarudi kwenye mafaili.

Jumatatu, Reshma, binti ya Himatlal anayesimamia ofisi, alihesabu kadi za likizo, kisha akazihesabu tena.

"Auntie Nduku, tuko watu sitini na tatu. Kadi ni sitini na mbili."

Wakatafuta chini ya meza, wakatafuta nyuma ya kabati. Mara Nduku akaketi polepole. Asiye na kadi alikuwa yeye. Miaka kumi na saba aliwaandikia wenzake, na hakuna siku aliyokumbuka kujiandikia. Mganga hajigangi, na huyu wetu hata hakujua kwamba anaumwa.

Reshma akamletea kadi mpya. "Jaza tu tarehe za nyuma. Nani atajua?"

Nduku akashika kalamu. Kazi ya dakika tano tu. Lakini kila tarehe aliyoifikiria ilikuwa siku ambayo mama yake alimngoja na yeye hakwenda. Angeandikaje kwamba alikwenda? Akaiweka kalamu chini.

"Siwezi, Reshma. Hizi siku sikuzipata."

Himatlal alikuwa mlangoni, amesikia yote, na aibu ilionekana usoni mwake.

"Kosa ni yangu, Nduku. Kila mwaka naweka sahihi kwa kadi ya watu yote, siulizi yako iko wapi. Andika kuanzia kesho."

"Na afisa, mzee?"

"Nitamwambia ukweli. Huyu tulimnyima, sasa ameenda. Mafaili umepanga, na Reshma anajua kusoma. Enda kwa mama."

Jumanne asubuhi, kabla ya kushika njia ya Machakos, Nduku alipitia kiwandani kuyatupia mafaili jicho la mwisho. Njau akamzibia geti, mikono kiunoni.

"Madam, wewe uko leave. Unatafuta nini hapa?"

Nduku akacheka, akageuka kwenda zake.

Siku ya pili yake muuguzi akaifungua bandeji taratibu. Mama akapepesa macho, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mwaitu, mama, ni mimi, mtoto wako."

Mama akampapasa mashavu kama alivyozoea. Kisha mkono ukapanda, ukakisogeza kitambaa cha kichwa, ukasimama hapo.

"Nduku wangu. Mvi hizi ziliota lini?"

"Nilikuwa kazini, Mwaitu," Nduku akasema, akakilaza kichwa chake mapajani mwa mama ili azione vizuri.