Nilimvunja mkono mama mkwe nikimlinda mheshimiwa

Admin, ukiibandika hii toa jina langu na namba yangu, nakuomba, maana bosi wangu akijua nimeandika sitafika Jumatatu. Nina miaka thelathini na sita, baba wa watoto wawili, naishi Lubumbashi. Kazi yangu ni kumzunguka mheshimiwa mmoja. Tuko wanane, suti nyeusi, na popote anapotaka kukanyaga sisi tumeshakanyaga kwanza. Msinianzie matusi. Matusi yote nimeshajitukana mwenyewe.

Kazi hii ina sheria kubwa moja: usimtazame mtu usoni, tazama mikono. Uso unadanganya, mkono ndio unaoua. Na nyumbani nako, sisi Waluba, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Akija njia hii, wewe unapisha. Miaka saba ya ndoa nimemsalimia mama mkwe wangu nikiwa nimeinamisha kichwa. Mngeniuliza sura yake ikoje, ningewaeleza vitenge vyake tu.

Mwezi uliopita, saa sita mchana, mheshimiwa alikuwa anatoka kwenye hoteli moja mjini kati. Nje kulikuwa na wanawake kama ishirini kutoka kijiji cha Lukafu, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Walitaka kumlalamikia kuhusu mashamba yao aliyoyazungushia uzio. Sikujua kwamba mama mkwe ni mmoja wao. Hata binti yake hakumwambia kwamba anakuja mjini.

Mmoja akapenya katikati yetu, akatia mkono ndani ya blauzi. Niliuona mkono, mtu sikumwona. Nikaupiga kwa rungu, nikausikia unavunjika. Akaanguka. Hapo ningeacha. Lakini hasira zilikuwa zimenipanda, na mheshimiwa alikuwa anatazama, nikataka aone kwamba silali kazini. Nikampiga mateke ya mbavu, nikampiga na la kichwa. Damu ikamtoka puani na sikioni. Yule mama hakupiga kelele hata kidogo. Kwa mkono uliobaki mzima alivuta kitenge akajifunika uso, na kule kujifunika kukanizidishia hasira, nikadhani anaficha kitu. Nikamkanyaga tena.

Mwenzangu mmoja, nitamwita Papi, ndiye aliyenishika mkanda akanivuta nyuma, akinikumbusha kwamba huyo ni mama wa watu. "Wacha, ndugu! Uyu iko mama ya bantu! Unataka kumuua?" Ndani ya blauzi kulikuwa na barua tu, wameifunga kwenye plastiki isilowe.

Nilirudi nyumbani jua bado liko juu. Mke wangu akanirukia mlangoni.

"Balimuvunja mama mukono! Bantu ya chef yako, ule mheshimiwa, balimupiga pale mu centre-ville sawa mwizi! Wee ulikuwa wapi?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa nimebaki kwenye gari.

Hospitalini nilisimama mlangoni, kama mkwe anavyotakiwa, nikamsikia ndani akipumua kwa shida. Mbavu tatu, mkono, na sikio moja halisikii tena. Mke wangu akatoka analia. "Benzake banasema alijifunika uso tangu pale chini. Namuuliza juu ya nini, anakatala kujibu. Anasema hakuona muntu."

Mimi peke yangu nilielewa. Alinitambua. Nilipokuwa namkanyaga, yeye alikuwa ananifichia uso wake kama mila inavyotaka. Nilikwenda nyuma ya jengo nikajificha.

Shemeji zangu wawili, kaka za mke wangu, wakanifuata huko huko. Mkubwa akanishika bega kwa upole. "Shemeki, wee unatumikaka kule. Tupe jina ya ule muntu. Jina moja tu, ingine tutajua sisi."

Ningeweza kusema sijui. Hata kunyamaza ningeweza. Lakini niliwaogopa, jamani, nawaambia ukweli, niliwaogopa kama mtoto. Nikawatajia Papi. Nikawaelekeza na mtaa anaokaa.

Jumapili asubuhi walimngoja kwenye lango lake. Walimpiga kwa vyuma mbele ya watoto wake mpaka goti likasagika, na jicho la kushoto madaktari wamelitoa. Papi hajui alipigwa kwa kosa gani. Nilikwenda kumwona na wenzetu wa kazi, akanishika mkono akasema, "Angalia sana, ndugu, kuko bantu banatutafuta." Mtu aliyenizuia nisiue, ndiye niliyemuuza.

Shemeji zangu wakaenda kujisifu kitandani kwa mama yao. Walidhani atafurahi. Alilia siku mbili, hataki chakula, hataki dawa. Siku ya tatu akamwita mke wangu akampa ujumbe wa kuniletea: nije na kuku mmoja na kitenge, nivuke ule mlango wa chumba chake hospitalini, tuondoe aibu ya ukwe, tutazamane. Na watoto wake wote wawepo, kwa sababu ana neno la kusema.

Kwetu hiyo ni heshima kubwa. Mama mkwe akikuondolea aibu, umekuwa mwanawe wa kumzaa. Mke wangu hana habari nyingine. Kuku ameshamnunua, amemfunga hapa jikoni, na kitenge amekichagua yeye mwenyewe, cha bei. Tangu jana ananiita kwa jina la kipenzi ambalo hajalitumia tangu tuoane. "Unaona? Mama anakupenda."

Ni kesho, saa nne. Sijui kama yule mama ataniombea msamaha kwa wanawe au atanikabidhi kwao. Nikikimbia, nimejitaja. Nikimwambia mke wangu usiku huu, sijui kama kutakucha na ndoa. Na Papi je, nani atamwambia?

Ndugu zangu mnaosoma, wanaume kwa wanawake, hasa ninyi akina mama mlio na wakwe: nivuke ule mlango, au nisivuke?