Kijiti cha Oili cha Mzee Onyesha

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkagua tiketi wa treni, na alistaafu kazi bila kustaafu imani yake: kila binadamu amepanda bila tiketi mpaka athibitishe vinginevyo. Mtaani tulimwita Onyesha. Mkewe akimpa chai, kwanza aliichungulia. Maiti ikipita, alikodoa macho aone kama kweli haipumui.

Alichokiamini ni gari kuukuu aliloachiwa na baba mkwe, lenye taa kama macho ya bundi. Kijiti chake cha kupimia oili kilipokatika pamoja na bomba lake, cha asili hakikupatikana tena. Waliokitengeneza walishakufa, na pengine wajukuu wao pia. Akanunua cha kuiga, pamoja na bomba lake.

"Mzee, bomba hili ni jembamba kuliko tundu lake," fundi wa gereji akamwambia. "Tulifunge kwa bano la chuma kwenye bolti ya injini, la sivyo litapanda."

"Lipande liende wapi? Wewe una bano lako limekudodea."

Akaenda nalo nyumbani, akaligongomea mwenyewe, akalifunga kwa waya wa kuanikia nguo.

Oili ikaanza kupungua. Kila asubuhi alichomoa kijiti, akakifuta, akakitumbukiza, akachomoa tena: oili iko chini ya alama. Chini ya gari, pakavu. Basi kuna mwizi! Na uani alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi cherehani aliyehamia pale baada ya duka lake kuungua. Cherehani hunywa oili. Kesi imekwisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia mkewe.

"Oili ya gari kwenye cherehani? Si atashona magunia ya mkaa!"

Onyesha hakusikia la mtu. Wakati wa kula alimshika shemeji mikono, akainusa. Shemeji akaenda kunawa, akarudi, akanuswa tena.

"Ukimaliza mikono, shemeji, soksi zipo."

Huku nyuma Onyesha aliongeza oili kila siku, na gari likaanza kutoa moshi wa bluu. "Na iliyobaki ameichakachua!" akapiga kelele, akamwambia shemeji afungashe, Jumamosi asimkute. Mkewe hakubishana. Alitoa begi lake mwenyewe, akaliweka mlangoni.

"Akitoka kaka yangu, natoka naye. Utabaki na kijiti chako, mkaguane."

Hapo mzee akahitaji ushahidi. Ijumaa alinyoosha uzi mwembamba juu ya boneti, akaugundisha pande zote mbili. Kisha, kwa rangi ya kucha ya mkewe, alichora mstari kwenye bomba, pale pale linapoingia kwenye injini. Atakayeligusa atajulikana. Kwanza akaijaribu mitego yake: akaondoka na gari peke yake, akazunguka mji mzima, akarudi.

Uzi haukukatika. Akafungua boneti. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda upana wa kidole, na waya wa nguo umelegea kama soksi ya mlevi.

Alisimama kama abiria aliyesahau tiketi. Mtikisiko ulikuwa ukilipandisha bomba, na kijiti kikipanda nalo, kikasoma pungufu. Akalisukuma chini, akapima: oili imejaa hadi inakaribia mkono wa kijiti. Hakuamini. Akazunguka mji mara ya pili. Likapanda tena.

Akaenda gereji. Fundi alimwaga oili iliyozidi, ile iliyokuwa ikiungua na kutoa moshi, akafunga bano, akakaza bolti, na kwa mara ya kwanza mzee hakuomba kulikagua bano kabla.

Alimkuta shemeji uani akifunga cherehani kwa kamba.

"Shemeji... bomba lilikuwa linapanda. Hukuiba."

Shemeji hakuinua kichwa. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu.

"Onyesha."

Mzee akampeleka kwenye gari, akafungua boneti, akalivuta bomba kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Shemeji akachomoa kijiti, akakifuta kwenye kifua cha shati jeupe la mzee, akakitumbukiza, akachomoa, akasoma polepole.

"Iko kwenye alama."

"Nami naweza kuona?" akauliza Onyesha, shingo imerefuka.

"Hapana. Niamini."

Mzee akafunga boneti. Shemeji akaenda kuifungua kamba ya cherehani. Mkewe akalibeba begi lake kulirudisha chumbani, na alipompita mumewe mlangoni, Onyesha alilipapasa kidogo, akalipima uzito.

"Mzee!"

"Nasaidia tu, mama."