Siku Mama Mkwe Aliposhika Tangi

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado mchanga kabisa, kitovu hakijadondoka, pampu ya kisima ilipoingiwa na wazimu. Ukifungua bomba, inawaka. Kabla maji hayajafunika kitako cha ndoo, inazima. Inawaka tena. Inazima. Ta, ta, ta, kutwa nzima, na maji yenyewe yanatoka kama mtu anayepiga chafya: yanaruka, yanakatika, yanaruka tena. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji, haruhusiwi kuinama wala kubeba kitu, na nguo za mtoto zilikuwa zimefurika kwenye mabeseni.

Tunaishi Kanazi, ndani ya kibanja nilichoachiwa na baba, migomba mbele na kahawa nyuma. Kisima kile kilikuwa fahari yangu. Majirani wengi walikuwa bado wanashuka bondeni kwenye chemchemi, na mimi nilikuwa na pampu, tangi la presha la rangi ya bluu pembeni mwa jiko, na maji yanayofika hadi bafuni. Sasa fahari yenyewe ilikuwa inagongagonga kama mlango usio na kitasa, na asubuhi hiyohiyo mama mkwe akawasili kutoka Muleba kuja kumwona mjukuu.

Alishuka kwenye bodaboda na mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na furushi la samaki wakavu. Nilitoka kumpokea, nikasimama mbali kidogo, nikainamisha kichwa na kumwamkia. Huku kwetu mama mkwe anaheshimiwa kwa umbali. Humpi mkono. Hukai naye kwenye kiti kimoja. Mkikutana mlangoni, wewe ndiye unayerudi nyuma. Tangu nioe, yule mama hakuwahi kuniambia jambo moja kwa moja. Alimwambia mwanawe, mwanawe akaniambia mimi.

"Mwulize mwenzio," alimwambia mke wangu, akiwa bado anafungua furushi, "hicho kinacholia huko nje ni nini?"

"Ni pampu, Mama," nikajibu, nikiwa nautazama mgomba.

"Mwambie kwamba mtoto hatalala na kelele hiyo."

Nikampigia simu fundi aliyetufungia mitambo. Simu ikaita sana, kisha nikasikia upepo na injini za mitumbwi. Alikuwa Goziba, kisiwani, amekwenda kufunga pampu kwenye kambi ya wavuvi, na boti ya kurudi haijulikani itaondoka lini, ziwa limechafuka.

"Sikiliza," alipiga kelele. "Juu ya tangi kuna kifuniko kidogo cheusi. Kifungue. Utaona valvu kama ya tairi. Bonyeza kipini chake. Ikitoka hewa, mambo madogo, ongeza hewa tu. Yakitoka maji, basi mpira wa ndani umepasuka. Nunua mwingine, ufunge mwenyewe. Zima umeme kwanza!"

Nikazima umeme. Nikafungua kifuniko, nikasogeza uso nione vizuri, nikabonyeza kwa ncha ya bisibisi.

Maji yalinipiga katikati ya macho. Niliruka nyuma, nikakanyaga beseni, nikakaa chini kwenye nguo za mtoto. Nyuma yangu, mlangoni mwa jiko, nikasikia kicheko kirefu cha mtu aliyejaribu kujizuia akashindwa. Alikuwa mama mkwe. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nikajikuta nami nacheka, maji yananidondoka kidevuni.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona kwenda mjini. Miembeni kuna duka la vifaa vya maji, na mwenye duka, mzee wa kofia aliyekuwa akinywa kahawa chungu, alinielewa kabla sijamaliza kueleza. Akatoa mpira mweusi uliokunjwa, mrefu, mdomo wake mpana umeviringwa kama ukingo wa sufuria. Akanionyesha kwa viganja vyake: maji yanaingia ndani ya mpira, hewa inakaa kati ya mpira na chuma. Pampu ikijaza, mpira unavimba na hewa inabanwa. Ukifungua bomba, hewa inausukuma mpira na maji yanatoka bila pampu kuamka. Wetu ulikuwa umetoboka, tangi limejaa maji matupu, hakuna cha kusukuma. Nilipanda bodaboda kurudi nikiwa nimeukumbatia ule mpira kifuani. Kwa mara ya kwanza nilijua kilichokuwa ndani ya lile dude la bluu!

Niliyatoa maji kwenye tangi, nikafungua bomba lililoungana nalo, nikalilaza tangi juu ya majani ya mgomba. Nati za kifuniko cha duara kilichoziba mdomo wa tangi zilikuwa na kutu, lakini zikakubali moja baada ya moja. Kifuniko kikatoka. Mdomo wa mpira wa zamani ukaonekana, umelegea, unateleza. Nikaushika, nikavuta. Tangi zima likanifuata. Nikalikanyaga, nikavuta tena, likabingirika kuelekea kwenye mibuni.

Mke wangu alikuwa amesimama kibarazani na mtoto. "Nije nilishike?"

"Wewe usithubutu!" Mama yake alikwisha kutoka jikoni. Alikaza kanga kiunoni, akakaa chini palepale kwenye majani ya mgomba, akalibana tangi kwa magoti na kulikumbatia kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwangu. Nikaduwaa. Sikujua nitazame wapi.

"Unangoja nini?" alisema, na safari hii alikuwa akisema na mimi. "Vuta!"

Nikavuta.

"Zungusha kwanza! Nimezalisha ng'ombe mimi, ndama akikwama huvuti kama unang'oa muhogo. Zungusha, halafu vuta. Haya! Unakuja! Unakuja, baba!"

Ukaja kweli. Ulitoka kwa mlio ambao mke wangu hadi leo hawezi kuuiga bila kushikilia tumbo, na maji yaliyobaki ndani yakatumwagikia wote wawili, ya kahawia, yenye harufu ya chuma. Mama mkwe alikuwa ameloa hadi kilemba. Badala ya kukasirika, alinyakua ule mpira, akaugeuzageuza mpaka akaupata mpasuko.

"Huyu hapa mchawi!" akapaza sauti.

Mpira mpya tuliukunja mara mbili, tukausukuma ndani, tukaukalisha mdomo wake ukingoni. Nilikaza nati harakaharaka kwa furaha. Tulipounganisha na kuwasha pampu, maji yakachuruzika pembeni. Mdomo ulikuwa umejikunja upande mmoja. Tukazima umeme, tukafungua tena. Safari hii mama mkwe alizungusha kidole chake ukingoni pote kama mtu anayepima unene wa chapati, ndipo akaniruhusu kukaza, kidogo huku, kidogo upande wa pili, kwa zamu.

Kazi ya mwisho kabla ya kuwasha umeme tena ilikuwa kujaza hewa, na sisi tulikuwa na pampu ya baiskeli tu. Nilipampu mpaka mabega yakawaka. Nikapumzika, yeye akapokea. Alipampu kwa mdundo, akiimba wimbo wa Kihaya wa kutwanga, na mke wangu akamwitikia kutoka kibarazani. Tulipokezana hivyo huku dereva wa bodaboda aliyenirudisha, ambaye alikataa kuondoka bila kuona mwisho, akipima kwa geji yake ya matairi na kututangazia: "Bado. Bado. Bado kidogo. Hapo!"

Nikawasha umeme. Pampu ikaunguruma, na safari hii haikukatika. Mshale wa presha ukapanda taratibu. Kisha swichi ikalia, ta! Mara moja tu. Pampu ikanyamaza.

Mama mkwe alikimbilia bomba la nje, akalifungua hadi mwisho. Maji yakatoka mazito, yamenyooka, ndoo ikajaa, na pampu ilikuwa bado imelala. Alipiga vigelegele mpaka jirani akaita kutoka upande wa pili wa kibanja akiuliza kama amezaliwa mtoto mwingine.

"Kasinge waitu," nikamshukuru, nimeinamisha kichwa kwa mazoea.

"Acha hiyo, lete sabuni!"

Tulifua. Tulifua nguo za mtoto, mashuka, mapazia ambayo hakuna aliyesema ni machafu, shati langu, kanga zake, hata kitambaa cha dereva wa bodaboda cha kufutia kiti. Kamba zilipojaa tukaanika juu ya uzio, na uzio ulipojaa tukaanika juu ya mibuni, na kila nilipofikiri tumemaliza, nilimsikia mama mkwe akiingia tena ndani kutafuta kingine cha kuloweka.