Siku Mtani Hakuniita

Kwetu Uluguru mtu hamkasirikii mtani wake. Anaweza kuchukua kofia yako msibani akaondoka nayo, na wewe unacheka. Ukikasirika kweli umevunja utani, na faini yake ni kuku. Mimi nilikasirika kweli, dukani kwa mtani wangu, mbele ya wateja.

Mtani wangu ni Mnyamwezi, anauza vifaa vya umeme Morogoro mjini. Nimenunua kwake tangu nifungue banda la gemu Kihonda. Yeye anataja bei, mimi namuuliza kama ndani ya boksi kuna ng'ombe. Anasema Waluguru tumeteremka mlimani na ndizi juzi tu, umeme tuuache kwanza. Naweka boksi chini, naaga, naondoka polepole. Nikifika kwa fundi cherehani wa jirani, sauti inatoka: "We mtani, rudi, unanitia aibu." Hapo ndipo bei yenyewe inaanza. Fundi amezoea, akiniona huwa ananisogezea stuli.

Bandani nina mashine nne za gemu, mbili za kampuni moja na mbili za kampuni nyingine. Watu walinicheka, kwamba pedi za kuchezea haziingiliani. Waache wacheke. Sijawahi kununua hata nyanya bila kujua meza ya pili iko wapi.

Ndipo habari ikaja kwenye simu: mojawapo ya kampuni hizo mbili imeinunua ile kampuni inayotengeneza gemu ya mpira, gemu ambayo vijana wanaifuata kwangu. Nikaenda kubishana na mtani.

"Habari njema hiyo," akasema. "Kampuni ikiwa kubwa, gharama zinashuka. Utalipia kwa mwezi, upate gemu chungu nzima."

"Na mpira utaendelea kwenye zile mashine zangu nyingine?"

"Mtu anunue gemu halafu akatae kuiuza? Hajui hesabu?"

"Anajua. Ndiyo maana kainunua."

"Mtani, huko wana wakubwa wenzao. Wasipoungana watamezwa."

"Kwa hiyo wanamezana ili wasimezwe."

Akacheka, nami nikacheka. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Miezi ya mwanzo malipo yalikuwa nafuu kweli, na nilipata gemu nyingi ambazo nisingeweza kuzinunua. Nilipiga hesabu, nikarudia, nikaona nimefaidi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Walinifaidisha kwanza.

Kisha likatoka toleo jipya la mpira. Kwenye mashine mbili likaingia. Kwenye zile nyingine mbili halikuja, na tukaambiwa halitakuja. Malipo ya mwezi nayo yakapanda. Na kijana wa Kihonda hakai kucheza mpira wenye wachezaji waliokwishahama timu. Nusu ya banda ikalala.

Nikarudi kwa mtani kuulizia mashine nyingine mbili za aina ile yenye mpira. Akataja bei. Nikauliza habari za ng'ombe, akarudia bei ileile. Nikaweka boksi chini, nikaaga, nikaondoka polepole. Fundi akanisogezea stuli. Safari hii nikaikalia, maana sauti haikutoka.

Nikarudi mwenyewe. "Mbona huniiti?"

"Nikuite nikwambie nini? Zamani nilikuwa nawatishia wa kampuni hii kwa bei ya kampuni ile. Sasa mpira uko kwa mmoja. Muuzaji wa jumla kanipangia bei, na ile ya mwezi iko kwenye skrini. Kapatane na skrini."

"Si wewe uliyesema ni habari njema?" Sikuwa nacheka. "Zile mashine nimezinunua. Ni nzima, hazina hata mkwaruzo. Mtu asiyejua Kihonda iko wapi kaamua zikae bure, na wewe umesimama hapa miezi yote unamtetea. Gharama zimeshuka za nani? Nitajie mtu mmoja tu."

Mama mmoja akairudisha mezani chaja aliyokuwa anaiangalia. Mtani akanitazama sana, kisha akasema taratibu, "Hiyo ni kuku, mtani."

Jumapili akaja Kihonda kumchukua kuku wake. Mashine mbili zilikuwa zimefunikwa shuka. Kwenye zile nyingine vijana walikuwa wamebanana benchi zima, wakigombana juu ya zamu.

"Wateja si hawa hapa?" akasema.

"Hao ni wanaosubiri. Waliochoka kusubiri huwezi kuwaona."

Nikamletea jogoo. Akampima mkononi, akampapasa kifua. "Huyu ni njiwa kavaa kilemba. Nipe yule mwekundu kule."

"Leo yupo huyu tu."

"Mtani, faini gani hii?"

"Bei imeshapangwa. Kapatane na jogoo."

Akamweka chini, akaaga, akaanza kuondoka polepole, mwendo wangu uleule. Akalipita banda la mkaa, akapunguza mwendo. Akafika barabarani, akasimama kanipa mgongo, anasubiri nimwite.

Nikainama kuhesabu pedi. Zilikuwa nane. Nikaanza tena mwanzo.