Kura ya uwanja na kipa wa Kabambare

Leo mgeni ameharibu kura yetu ya uwanja bila kusema neno baya.

Uwanja wa Kasongo utatengenezwa. Tukiwa tunasubiri timu ya Kabambare, mwenyekiti wa mashabiki akaamuru tupige kura ya kitu cha kujenga kwanza: anayetaka tribine, jukwaa la watazamaji lenye bati, asimame goli la juu, anayetaka vyoo goli la chini.

Mama Zaina aliongoza goli la chini.

"Nyiye wanaume munaenda mu majani. Siye tunarudi ku nyumba kabla ya mapumziko."

"Mama, na jua je?" mtu wa goli la juu akauliza.

Kelele. Wengine walikuwa wakitazama saa tu: Kabambare wakichelewa mpaka saa tisa, Kasongo wanapewa ushindi bila kucheza.

Saa tisa kasoro dakika tano, wakaingia wachezaji saba kwa miguu, matope mpaka magotini. (Chini ya saba, hakuna mechi.) Wenzao wanne wamekwama na pikipiki kwenye daraja lililovunjika.

Kipa wao akauliza tunafanya nini. Akaelezwa. Akaenda kusimama peke yake katikati ya uwanja.

"Miye niko upande wa daraja."

"Ndugu, daraja haiko mu kura," mwenyekiti akasema.

"Basi mu tribine yenu mutaangalia nani?"

Mama Zaina akabeba kiti chake, akaenda kukaa karibu naye. Wachache wakamfuata. Wa tribine hawakusogea.

Mwamuzi akatufukuza wote uwanjani. Hakuna aliyeandika matokeo ya kura, na Kabambare wakaanza saba dhidi ya kumi na mmoja.

Wewe ungesimama wapi?