Kanga Kati Yangu na Ubao

Leo nina mashine mbili za kusaga, moja hapa nyumbani na nyingine njia ya kwenda Robanda, na hakuna fundi aliyewahi kuzifungua zaidi yangu. Injini ikikohoa nikiwa nakunywa uji, najua kama ni chujio la dizeli au ni hewa imeingia kwenye bomba. Watu hudhani nilisomea. Sikusomea. Shule niliiacha darasa la pili nikaenda kuchunga ng'ombe, na hayo madarasa mawili nayo yalishanitoka kichwani kabla sijaota ndevu. Kila nilicho nacho nimekitoa kwa mikono hii, isipokuwa kusoma. Kusoma nilikupata kupitia tundu la ukuta, na namna nilivyokupata inanitia mashaka mpaka leo.

Nianzie kwenye mashine. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande huu wa Nyansurura, wenzangu walikuja wamebeba milango na miti ya nyumba zao za zamani. Mimi nilikuja na ujuzi. Nilikuwa nimefanya kazi Nyakunguru, kwa mtu mmoja mwenye injini ya kupondea mawe ya dhahabu. Basi kijiji kilipopata mashine ya kusaga, walioitwa kuiwasha walizungusha hendeli mpaka mmoja akateguka bega. Nikasema, sogeeni. Ikaitika palepale. Mwenyekiti akaniita kijana kwa Kikurya mbele ya watu, "Mura, hii ni yako kuitunza." Sikushangaa. Aliyezoea kuponda mawe atashindwaje na mtama?

Nyumba ya mashine ilikuwa na vyumba viwili. Cha nyuma kilikuwa cha injini, na mlango wake ulitazama porini. Cha mbele kilikuwa cha kinu, ndiko akina mama walikoleta mtama na makopa ya muhogo. Katikati ulisimama ukuta wa matofali, na kwenye ukuta kulikuwa na tundu refu la kupitisha mkanda kutoka injini kwenda kwenye kinu. Mimi nilikaa nyuma na injini yangu. Mbele walikuwapo akina mama watatu wa kupokea nafaka na kushona magunia, na mkubwa wao alikuwa mama mzazi wa mke wangu.

Hilo halikuwa tatizo, kwa sababu ukuta ulikuwapo. Kwetu Wakurya mwanaume hatazamani na mama mkwe wake. Ukimwona njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, humtaji jina. Akiwa na neno kwangu alimwambia mwenzake kwa sauti, "Mwambieni mwenye injini apunguze," nami nikapunguza. Jioni wakishaondoka nilipita mbele, nikakung'uta chekeche, nikafagia sakafu, na unga wa sakafuni nikaupeleka nyumbani. Ndiyo ilikuwa kawaida ya mwendesha mashine, na hakuna aliyenikataza.

Halafu likaja sanduku.

Lilishushwa na Landrova ya wilayani, sanduku la bati la rangi ya kijani, limeandikwa maneno ambayo sikuweza kuyasoma. Ndani mlikuwa na vitabu, chaki, ubao, miwani ya wazee na taa ya karabai. Kisomo chenye manufaa, wakasema. Kila mfanyakazi wa kijiji atasoma palepale anapofanyia kazi, na atasoma mambo ya kazi yake. Bure. Mimi nikisikia bure huwa natazama mikono ya mtu, na siku ile nilitazama mikono ya katibu wa kijiji. Ile karabai ilishikwa na yeye, na darasani hatukuiona hata siku moja.

Mwenyekiti akasimama juu ya sanduku. "Ndugu wananchi, kuanzia sasa mashine ya kijiji itashikwa na mtu anayejua kusoma. Mashine ina kitabu chake. Mpimaji atakuja kutoka wilayani. Atakayefaulu ndiye atakayekabidhiwa ufunguo."

"Na yule aliyeiwasha?" nikauliza.

"Naye asome."

Shemeji yake katibu alikuwa amekaa mbele, jitu lenye shingo kama ya fahali, ambalo injini lilikuwa likiitazama kwa mbali tu. Likageuka likanichekea. Nikaelewa. Au nilidhani nimeelewa.

Darasa lilikuwa chumba cha kinu, saa kumi alasiri, baada ya kuzima mashine. Siku ya kwanza nilinawa grisi, nikavaa shati la kanisani, nikaingia kwa mlango wa mbele kama mtu anayekwenda kuchukua chake. Mguu mmoja ukiwa ndani nikamwona mama mkwe wangu ameketi juu ya gunia la mbele kabisa, kitabu mapajani. Niligeuka kama nimekanyaga moto.

Mwalimu alikuwa kijana wa Kijita kutoka kando ya ziwa, hakujua mambo yetu. Akanifuata uani.

"Ndugu, mbona unakimbia?"

"Kuna mtu ndani."

"Ndani wamejaa watu."

"Nimekwambia kuna mtu."

"Mtu gani? Mtaje nimtoe."

"Simtaji."

Akina mama waliangua kicheko mle ndani, wakachekea kwenye mikono. Mmoja akapaza sauti, "Mwalimu, mwache huyo, ameona simba!" Na shemeji yake katibu akadakia, "Simba wake amevaa miwani!"

Nilirudi nyumbani nikamuuliza mke wangu ni nani aliyemwandikisha mama yake. Mwanamke wa umri ule anataka kusoma nini? Kama si katibu aliyemweka pale makusudi, kama gogo la kuzibia njia, ni nani?

"Hakuwekwa na mtu," mke wangu akasema huku anasonga ugali. "Alikwenda mwenyewe."

"Nenda ukamwambie aahirishe. Nikishafaulu, asome mpaka achoke."

Akaenda, akarudi anauma midomo asicheke. "Amesema hivi: mwambie mwanaume wako nilitangulia kukaa."

"Hayo tu?"

"Na anataka kujua kusoma mizani."

Mizani ile ya kuning'iniza, ya pamba, ilikuwa imetundikwa pale kwenye kinu tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeitumia. Watu walipima kwa debe na kwa macho. Mizani ya nini? Nikaanza kukumbuka kwamba siku kadhaa jioni, nilipopita mbele kufagia, nilikuta sakafu imeshafagiwa.

Mimi si mtu wa kushindwa na ukuta. Kesho yake saa kumi nilizima injini, nikavua mkanda, nikageuza debe la dizeli nikalikalia, nikaweka jicho kwenye tundu. Nilimtuma mzee mmoja amweleze mwalimu jambo letu. Mwalimu alicheka kwanza, halafu akafanya jambo la kiungwana. Alihamisha ubao akausimamisha sawa na tundu, ili nione. Nilifurahi. Furaha hiyo haikumaliza hata somo moja.

Kwa sababu sasa mama mkwe wangu alikuwa kwenye njia ya macho yangu. Akainuka, akafunga kamba kutoka kwenye mizani mpaka kwenye nguzo, akatundika kanga. Kanga ya heshima, ili mkwe asimwone. Nani angemlaumu? Akina mama wote walipiga vigelegele vidogo vya kumsifu. Lakini kanga ile haikumfunika yeye peke yake. Ilifunika na nusu ya ubao, upande wa kushoto.

Nusu ya ubao! Niambie, ilikuwa heshima au ilikuwa fitina? Kanga ya mkwe huwezi kuigusa, huwezi hata kumwomba mtu aisogeze, kwa maana utakuwa umekiri kwamba ulikuwa ukitazama upande ule. Angekuwa adui anayejulikana angechukua panga nami nikachukua langu. Huyu alinizuia kwa adabu.

Basi nikajifunza mikia ya maneno. Mwalimu aliandika, mimi nikaona mwisho wake tu, na mwanzo nikausikia masikioni wakisoma kwa pamoja; ubao wenyewe aliufuta kabla hawajaondoka. Mkanda. Dizeli. Chekeche. Nilichora kwa kidole kwenye vumbi la unga, nusu ya macho na nusu ya masikio. Siku nyingine nilikosa kabisa, nikalaani kimoyomoyo kanga ile na mikorosho iliyochapwa juu yake. Lakini wale waliokaa mbele na ubao mzima walisinzia, mimi sikusinzia hata mara moja. Mtu anayeshuku hapati usingizi.

Kuna sauti moja niliyoizoea zaidi ya ile ya mwalimu. Wengine wakishakwisha kusoma, sauti hiyo ilirudia peke yake, polepole, tena na tena, mpaka mwalimu mwenyewe akachoka. "Mama, umeshapata." "Bado, mwanangu. Rudia." Ukiniuliza ni nani aliyenifundisha, nitakwambia ni mimi mwenyewe. Lakini maneno mengi niliyashika kwenye kule kurudia kwake, na sijui hata leo kama alikuwa akijirudia yeye au alijua kuna jicho kwenye tundu.

Mpimaji alikuja na miwani mieusi na uso wa mtu aliyechoshwa na barabara. Akaketi kwenye kiti cha katibu, mwenyekiti kushoto, katibu kulia. Kijiji kizima kilijazana mlangoni na madirishani. Kila mtu alitakiwa kwenda mbele, kusoma kitu na kuandika kitu cha kazi yake. Shemeji yake katibu alikwenda akatoa jasho, akasoma kwa kusuasua, lakini akapita. Nikamsikia katibu akipiga makofi kabla ya watu wote.

Halafu likaitwa jina langu.

"Nipo hapa," nikasema kwenye tundu.

Mpimaji akatazama huku na huku. "Anayesema yuko wapi?"

"Nyuma ya ukuta," mwalimu akajibu. "Kuna mkwe wake humu, Ndugu."

"Serikali haina mkwe," mpimaji akasema. "Aingie, au nimwandike hakufika."

Katibu akasema upesi, "Andika tu, Ndugu, muda umekwenda."

Nilikuwa nimeshika mkanda mkononi. Nikiingia, nimemvunjia heshima mama wa mke wangu mbele ya kijiji kizima, na mtu wa namna hiyo kwetu hata mbwa hamfuati. Nisipoingia, injini yangu inakwenda kwa jitu lisilojua hata dizeli inamiminwa wapi. Ndipo nikasikia gunia likilia, mtu anainuka.

"Mwanangu wa wilayani," sauti ile ikasema, "mimi ni mzee na mgongo unaniuma. Nipime kwanza mimi, nikalale."

Hata mpimaji alimwonea haya. Nikasikia chaki ikigusa ubao, polepole, neno kwa neno. Sikuona kitu, kanga ilikuwa inaning'inia. Mpimaji akasema, "Vizuri sana, mama." Vigelegele. Halafu miguu ikatoka kwa mlango wa mbele, na mwanamke mmoja akaniita kwenye tundu, "Wewe mwenye injini, zunguka! Ameshatoka, amepita upande wa shambani!"

Nilizunguka nyumba upande wa pili mbio, nikaingia. Nilisimama katikati ya chumba cha kinu, na kwa mara ya kwanza nikauona ubao mzima.

Mpimaji hakutaka kufuta. Alinyoosha kalamu. "Soma hapo alipoandika mama."

Nilisoma kwanza kimya. Ilikuwa hivi: *Pima kabla ya kusaga. Pima tena baada ya kusaga.*

Damu ilinipanda. Watu wote walinitazama, na akina mama wa magunia walikuwa na macho yanayong'aa. Ningesema sijui, ningepoteza mashine. Ningesoma, ningeshika mashine, na ningekuwa nimejitangazia amri hiyo kwa kinywa changu, na unga wa sakafuni kwaheri. Mtu gani anapanga mtego wa namna hiyo kwa chaki? Alijuaje kwamba mpimaji hatafuta?

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya kuzidi injini, mwanzo wa maneno na mwisho wake, bila kusita.

"Umesikia, Ndugu Mwenyekiti?" akasema yule mama aliyeniita kwenye tundu. "Mwenye mashine mwenyewe amesema!"

Kicheko kilichotoka hapo kilitikisa mabati. Mwenyekiti naye alicheka mpaka akafuta macho. Palepale akanipa ufunguo, na palepale akasema mizani ya kijiji itashikwa na yule mama aliyeandika. Katibu hakupiga makofi.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, mimi nyuma na yeye mbele, kanga imetundikwa katikati. Gunia liliingia likapimwa, likatoka likapimwa. Kikipungua kitu alisema, "Mwambieni mwenye injini akung'ute chekeche," nami nilikung'uta, na nilichokung'uta kilirudi guniani. Mashine za vijiji jirani zilikufa moja baada ya nyingine, watu wakishutumiana. Yetu haikufa. Mimi nasema ni kwa sababu ya utunzaji wangu.

Nilipokuja kufunga mashine yangu mwenyewe, aliyeleta mtama wa kwanza alikuwa yeye, amezeeka, ameshikwa mkono na mjukuu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama nje. Nikasikia mnyororo wa mizani ukigonga chuma. Alipotoka niliingia nikasaga, sakafu safi, chekeche nimekung'uta mwenyewe. Nikatoka tena. Mnyororo ukagonga mara ya pili.

Nikaegemea ukuta wa nyumba yangu, nimekunja mikono, nikisubiri aseme kama kuna kilichopungua.