Ubao Nilioufunga kwa Ajili ya Mbwa

Mwenye kosa ni mimi. Si kaka yangu Shee, kama mama alivyoamini mpaka tunamwingiza kaburini. Ni mimi! Leo naona afadhali niseme mbele za watu wasionijua, maana wanaonijua nimeshindwa kuwaambia.

Jina langu msiniulize. Nashona nyavu za watu hapa Mombasa, nina wajukuu, na msikitini watu hunipisha safu ya mbele. Laiti wangejua wanampisha nani!

Kwetu ni upande wa Burgao, pwani ya kusini ya Somalia. Kijiji chetu kilikuwa kidogo, mbele hori la bahari, nyuma mikoko. Serikali ilipoanguka, wenye bunduki wakawa wanakuja na gari wanapotaka. Wakachukua nyavu, wakachukua mashine za boti, wakachukua mchele uliokuwa jikoni. Wakikosa cha kuchukua wanachukua mtu awaendeshee mashua, na mtu huyo harudi. Sisi Wabajuni hatukuwa na bunduki wala wa kututetea. Tulikuwa na miguu yetu tu.

Tulikuwa tunakimbilia mikokoni. Nyuma ya kijiji kulikuwa na mkono mwembamba wa hori, tope lake humeza mtu mpaka kiunoni. Juu yake tuliweka ubao. Gari likija tunavuka mmoja mmoja, wa mwisho anauvuta ubao upande wetu, kisha tunajilaza kimya kwenye mizizi. Wale jamaa tope hawalijui, wanaliogopa. Ubao ukishavutwa tumepona. Na wa mwisho siku zote alikuwa Shee, kwa sababu ana nguvu na hana papara.

Tatizo lilikuwa kujua wanakuja lini. Hapo ndipo anapoingia mbwa.

Alikuja na watu waliokimbia Kismayo kwa miguu. Wao wakaendelea na safari, yeye akabaki. Mwembamba, rangi ya mchanga, sikio moja limekatika. Huko mjini alikuwa amesikia mizinga mpaka akili ikamruka. Kifuniko cha sufuria kikianguka anajikojolea. Ukimnyooshea mkono anajilaza chini na kutetemeka. Watu wakampa jina la Kisomali, Fulai, yaani mwoga, na mimi niliyekuwa namtupia mabaki wakaniita bwana wa Fulai.

Lakini mama aligundua jambo. Gari likiwa bado mbali, sisi hatujasikia kitu, Fulai anaanza kulia, anaingiza mkia katikati ya miguu, anatimka mikokoni. Baada ya muda, kweli, gari hilo! Mara ya kwanza tukasema imetokea tu. Mara ya pili kijiji kizima tulimfuata mbio, na hakukamatwa hata mtu mmoja.

Basi si ningeshukuru? Si ningemwacha alivyo? Lo, mimi na ujuaji wangu!

Nilikuwa kijana, na utani uliniuma. Kila nikipita, "Bwana wa Fulai! Na wewe hujikojolea?" Ami yangu mmoja, aliyewahi kuwa baharia wa meli, alinisimulia kwamba Ulaya aliona uwanja ambao mbwa wanarushwa vijiti, wanapandishwa mbao, wanapenyezwa kwenye mabomba, na mbwa mwoga akishayaweza hayo anapata moyo. Neno hilo likaniingia kichwani na halikutoka.

Mbwa kwetu haguswi ovyo. Mate yake yakikupata, unaosha mara saba, moja kwa mchanga. Mtu mzima kucheza na mbwa hadharani ni aibu ya mwaka mzima. Kwa hiyo nilitafuta mahali pasipo macho. Mahali gani? Njia ya mikokoni! Ile ile njia yetu ya kukimbilia! Wallahi sikufikiri hata kidogo.

Nikaweka kasia juu ya mawe mawili, aruke. Nikachukua dema bovu la kuvulia samaki nikalikata pande zote mbili, apenye ndani. Mbele zaidi nikachomeka vijiti, apite kwa kupindapinda. Na mwisho ule ubao, avuke.

Sikumlazimisha, hilo nalisema kwa haki. Kasia nililianza chini kabisa, likilala mchangani, anusenuse, apite juu yake kama hakuna kitu. Akipita anapata kichwa cha samaki. Kesho yake naliinua vidole viwili. Akikataa nalishusha, namwacha apumzike, tunaanza tena. Dema lilimchukua siku nyingi. Alikuwa anachungulia tu na kulia, nami nalala kifudifudi upande wa pili nikimwita kwa sauti ya chini. Siku alipopenya nilitokwa na machozi! Alitoka mkia juu, akanizunguka mbio mara nne, kisha akarudi mwenyewe kupenya tena.

Kisha nikamzoesha kelele. Nikawa nagonga bati kwa mbali, namlisha. Nasogea, nagonga, namlisha. Mwisho nikawa nagonga karibu na sikio lake zima, naye anatafuna tu, ananitazama machoni.

Shee alinikuta siku moja, mikono imejaa mate ya mbwa. Akacheka mpaka akashika mti, akaniita nije.

"Ndoo uoshe mikono, nduyangu! Mara saba, na moya kwa mtanga! Mama akikuona leo hulali ndani."

Hakunisemea kwa mama. Shee hakuwa mtu wa hivyo.

Mama alijua mwenyewe alipomwona Fulai amelala katikati ya uwanja huku wanawake wanatwanga, hana habari. Aliniita kando.

"Umemfanya nini mbwa huyu?"

"Nimemtoa woga, mama."

"Na nani alokutuma? Mbwa huyu akitetema ndipo twajua kuwa wachu wanakuya. Mwache na woga wake, mwanangu. Ndio unaotuweka hai."

Nikasema ndiyo mama. Nikaenda kuendelea.

Kilichobaki kilikuwa ubao. Ulikuwa unatikisika, na Fulai akiukanyaga tu, anarudi nyuma kwa hofu. Nikaona dawa ni kuutuliza. Nikachukua kamba ya nanga, nikaufunga kwenye mizizi, huku na huku, mafundo ya baharini yasiyoteleza. Nilikusudia kuyafungua siku ile ile. Siku ile Fulai akavuka. Akavuka tena. Nikafurahi, nikasema kesho nitafungua. Kesho ikawa kesho. Maji ya chumvi yakaingia kwenye mafundo, yakavimba yakawa mawe. Na sikumwambia mtu! Ningemwambiaje mtu kwamba nimefunga njia ya uhai wetu kwa ajili ya mbwa?

Walikuja baada ya sala ya adhuhuri. Fulai alikuwa amejilaza juani. Gari lilipoanza kunguruma aliinua kichwa, akalaza tena. Hakulia. Hakukimbia. Tulishtuka gari limeshaingia kijijini!

Tukakimbia. Mama mbele, majirani, mimi, na Shee nyuma kama kawaida. Nilivuka ubao, nikaingia mikokoni, nikajirusha topeni kando ya mama. Kisha nikakumbuka.

Niligeuka. Shee ameshavuka, ameinama, anavuta ubao. Haujongei. Akavuta tena. Akaona kamba. Akatoa kisu, akaanza kukata upande wetu, lakini upande wa pili pia nimefunga, na huko hafiki bila kurudi.

Akainua uso akanitazama. Alizijua kamba zangu. Tulifunga boti moja miaka yote, angekosa vipi kuzijua? Fundo langu hata gizani angelipapasa akalitambua.

Mimi ndiye niliyestahili kutoka kwenda kufungua. Najua hivyo leo na nilijua hivyo pale pale. Miguu ilikataa, ndugu zangu. Nililala topeni nikauma mkono wangu mwenyewe nisitoe sauti. Mama alikuwa amefunika uso kwa buibui anasoma dua, hakuona kitu.

Ndipo nikasikia wanacheka. Watu watatu wenye bunduki, na mbele yao Fulai, mkia juu! Akaruka kasia. Akapenya dema. Akapita kwenye vijiti, huku na huku, bila kukosea hata kimoja. Wao wanapiga makofi, wanamfuata waone atafanya nini tena. Nilimfunza njia nzima, naye aliwaonyesha njia nzima.

Shee akasimama. Akavuka kurudi kwao, mikono juu. Alipokutana na Fulai kwenye ubao, akamkamata shingoni, yeye Shee ambaye maisha yake yote hakuwahi kumgusa mbwa, akamrudisha nyuma na kumkumbatia kifuani ili asivuke. Akasema kwa Kisomali, kwa sauti kubwa, "Ni mbwa wangu. Niko peke yangu. Nilikuwa namchezesha."

Mmoja akauliza kama anajua kuendesha mashua. Akasema anajua.

Wakaondoka naye. Hakugeuka kutazama nyuma. Nafikiri aliogopa macho yake yangetuonyesha.

Fulai akabaki peke yake. Akavuka ubao, akaja mpaka nilipolala, akakaa mbele yangu akitikisa mkia. Alikuwa anangoja kichwa chake cha samaki.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo sijawahi kulitamka. Wengine walipokuwa bado wamejificha, miguu yangu ikapata nguvu. Nilitambaa mpaka kwenye ubao, nikatoa kisu, nikakata mafundo yote, huku na huku, nikatupa kamba topeni na kuikanyaga izame. Kumbe kisu ninacho! Kumbe kutoka naweza! Mama alipotoka akaukuta ubao umelala mlegevu, hauna kamba wala alama.

"Shee hakuuvuta," akasema. "Kwa nini mwanangu hakuuvuta?"

Nikamshika mkono nikamvusha.

Tukapanda boti usiku uleule mpaka Ras Kamboni, tukavuka kuingia Kenya upande wa Kiunga, tukaishi kambini, kisha Mombasa. Fulai tulimwacha. Alisimama ufukweni hakubweka, na sikumwita. Miaka yote hiyo mama alimngoja Shee, na miaka yote hiyo alimlaumu. "Mzembe," anasema akichambua mchele. "Kazi moja tu. Kuvuta ubao." Akishasema hivyo analia. Mimi ninakaa karibu, nashona wavu. Mara ngapi nilifungua mdomo! Nikaufunga.

Alipokuwa anakata roho tulijaa chumbani, watoto na majirani. Aliomba ainuliwe kidogo. Akasema, "Nishuhudieni. Mwanangu Shee nimemsamehe ule ubao. Mungu asimuulize kwa ajili yangu." Kisha akanishika mkono, mkono huu huu, akasema, "Na wewe mwanangu, uliyenitunza, nakushukuru."

Watu wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin! Ya Rabbi, niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Ndiyo hayo. Tangu siku ile sipati usingizi wa maana. Nikiona mbwa barabarani nageuza njia, na vijana wangu hunicheka, "Babu anaogopa mbwa."

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anabeba lawama yako, nenda kamtue leo, angali hai yule anayemlaumu. Akiugua usingoje apone, usingoje mkae wawili peke yenu. Mimi nilikuwa na miaka yote ile, na mama alikuwa amekaa hapo mkekani, umbali wa mkono. Msamaha wangu aliutoa, nami nikausikia kwa masikio yangu, lakini aliutoa kwa jina la Shee.